Mjadala: Je, fedha za umma zitumike kuusafisha Mto Nairobi kwa vichocheo vya mwanga wa jua?

Mtoa hoja

Kila serikali inayoingia huahidi kuusafisha Mto Nairobi. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, alithubutu kuliko wengi, na bustani iliyopewa jina lake ipo hadi leo. Lakini maji yanayopita kando yake hakuna anayeyatamani hata kwa kunawa miguu. Naleta hoja ambayo wanakemia wameishughulikia kwa zaidi ya miaka 50, nayo sijaisikia ikipewa uzito katika mipango yetu.

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walionyesha kwamba elektrodi ya dioksidi ya titani ikimulikwa ndani ya maji huweza kuyatenganisha maji hayo kuwa oksijeni na hidrojeni. Baadaye ilibainika kwamba unga wa dioksidi hiyohiyo, ukipigwa na mionzi ya urujuanimno, huzalisha radikali za haidroksili, chembe kali mno ambazo huzishambulia molekuli za rangi za nguo, za viuatilifu na za dawa, zikizivunja hatua kwa hatua mpaka, muda ukitosha, yabaki maji, kaboni dioksidi na chumvi chache. Unga huo ndio kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia, na wenyewe hauliki katika kazi hiyo.

Jua tunalo mwaka mzima. Mahitaji pia tunayo: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta katika bonde la mto huu mabaki ya viuavijasumu na ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, vitu ambavyo mabwawa yetu ya majitaka hayakuundwa ili kuviondoa. Hata mali ghafi tulikuwa nayo. Kuanzia mwaka 2014 hadi uchimbaji uliposimama mwishoni mwa 2024, Kwale ilisafirisha ilmenaiti na rutaili, madini ya titani, kupitia Likoni, na rutaili ni dioksidi ya titani yenyewe, ambayo duniani hutumika zaidi kutengenezea rangi nyeupe za kuta. Nauliza basi: kwa nini serikali ya kaunti isitenge fedha za kuijaribu teknolojia hii mtoni?

Mhandisi wa majitaka

Ndugu mtoa hoja, kemia uliyoieleza sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na neno lako la mwisho, "mtoni".

Dioksidi ya titani huamshwa na mwanga wenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 390 hivi, na mwanga wa namna hiyo ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayotufikia ardhini. Hilo peke yake lingevumilika. Lakini asilimia hiyo ndogo haina budi kupenya ndani ya maji ili kukifikia kichocheo, na maji ya Mto Nairobi yanapofika Korogocho, ubavuni mwa jaa la Dandora, yamejaa tope, mafuta na vinyesi kiasi kwamba sentimita chache chini ya uso ni giza. Kichocheo cha mwanga kilicho gizani ni mchanga tu.

Pili, radikali za haidroksili hazina macho. Haziwezi kuuacha uchafu wa kawaida, ulio mwingi, zikatafuta nevirapini, mojawapo ya zile dawa za kufubaza virusi, iliyo chembe kwa chembe; humrukia yeyote aliye karibu, na hata baikaboneti, chumvi ya kawaida iliyoyeyuka majini ambayo haina ubaya wowote, huzinyonya. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka ukomo wa miligramu 30 za mahitaji ya kibiolojia ya oksijeni, yaani oksijeni ambayo bakteria huihitaji kuuozesha uchafu, kwa kila lita ya maji yanayoachiliwa kwenye mazingira, ilhali majitaka ghafi ya mjini huwa na mamia. Kuzipeleka radikali zikavunje kinyesi, kazi ambayo bakteria huifanya bila malipo, ni sawa na kuajiri sonara achimbe mtaro.

Tatu, mto hauzimwi usiku.

Tena mnasahau kwamba tayari tunasafisha maji kwa jua. Katika mabwawa ya majitaka ya Ruai, mwani hupata mwanga ukatoa oksijeni, bakteria wakaitumia kula uchafu, na jua lenyewe likaua vimelea vingi katika mabwawa ya mwisho. Tatizo ni kwamba majitaka mengi hayafiki Ruai, kwa sababu nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba, na mabomba yaliyopo hupasuka au huzibwa. Shilingi ya umma niliyo nayo mimi ningeifukia ardhini pamoja na bomba.

Mkulima wa mboga kando ya mto

Mimi si msomi wa kemia, lakini maji haya ndiyo ninayonyweshea sukuma wiki na mchicha, kwa hiyo naomba kusikilizwa. Kuna siku mto huja na rangi, mara buluu, mara zambarau, kutoka mahali fulani huko juu panapotiwa vitambaa rangi. Siku hiyo siwashi pampu. Rangi ndiyo kengele yangu, sina nyingine.

Sasa nikielewa vizuri, dawa hii ya jua kazi inayoifanya kwanza ni kuondoa rangi. Je, rangi ikiondoka, sumu nayo huwa imeondoka? Na ile metali ya risasi inayosemwa kuwa imo kwenye mboga zetu, nayo huvunjwavunjwa? Ikiwa jibu ni hapana, basi mtakuwa mmeinyamazisha kengele na kuuacha moto ukiendelea kuwaka.

Mwalimu wa kemia

Mzee wangu mkulima ameuliza swali ambalo tafiti nyingi za maabara hulipita kwa haraka, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Jaribio la kawaida ni kuchukua rangi kama buluu ya methilini, kuiyeyusha katika maji safi, kuweka kichocheo, kuwasha taa, kisha kupima jinsi rangi inavyofifia. Picha yake hupendeza sana kwenye mabango. Lakini kufifia maana yake ni kwamba sehemu ya molekuli inayoshika mwanga imevunjika. Vipande vilivyobaki vyaweza kuwa bado vimo majini, na kwa baadhi ya rangi vipande hivyo ni sumu kuliko rangi yenyewe. Kipimo cha haki ni kupima kaboni ya ogania yote iliyobaki, yaani kaboni iliyomo katika vipande hivyo, au kuyajaribu maji hayo kwa viumbe hai. Ama risasi, hiyo ni elementi, na hakuna mwanga wa jua utakaoivunja. Kwa hiyo, mzee, jibu la maswali yako yote mawili ni hapana.

Niongeze onyo kwa wanaotafuta vichocheo vinavyotumia mwanga wa kawaida ili kukwepa ile asilimia 5 ya mhandisi. Salfaidi ya kadimi hufanya kazi hiyo, lakini mwanga huohuo huimomonyoa na kuiachilia kadimi, metali yenye sumu, majini. Hiyo si tiba.

Hata hivyo sikubali kwamba teknolojia haina pake. Huko Plataforma Solar de Almería, kituo cha utafiti wa nishati ya jua kusini mwa Hispania, tangu miaka ya 1990 maji yamekuwa yakipitishwa katika mabomba ya glasi yaliyowekwa mbele ya vioo vilivyopindwa. Kilichowekwa kwenye mabomba hayo si mto. Ni maji machache, yanayojulikana yametoka wapi na yana nini. Kwetu, yanayofanana nayo ni maji ya mtambo wa dawa, ya kiwanda cha rangi, au ya hospitali, yakiwa yameshachujwa na kupita kwa bakteria kwanza.

Mtoa hoja

Nakubali nimekosea mahali, na ninaliondoa neno "mtoni". Hoja yangu sasa ni mwisho wa bomba la kiwanda na la hospitali, kabla maji hayajachanganyika na ya jiji.

Mhandisi wa majitaka

Hapo tumekutana, ila fedha za umma bado sizioni zinaingiaje. Mwenye kuchafua ndiye anayepaswa kulipa, na mwenye kiwanda asingoje kaunti imnunulie mabomba ya glasi.

Mtoa hoja

Na hospitali ya umma je? Hapo mchafuzi ni sisi sote, na mapaa yake mapana yanapigwa na jua kuanzia asubuhi. Ninaomba jaribio moja katika hospitali moja ya kaunti, nyuma ya mtambo wa kawaida wa kusafisha majitaka, lipimwe kwa mwaka mzima, msimu wa mvua na mawingu ukiwemo. Likishindwa, fedha zinazofuata zipelekwe kwenye bomba lako.

Mkulima wa mboga kando ya mto

Vipimo hivyo visikae kwenye kabati la ofisi. Vibandikwe darajani, kila wiki, kwa Kiswahili, nijue siku ya kuwasha pampu na siku ya kuiacha.