Kundi la WhatsApp la majirani wa Kireka, Uganda: vesi (beti za kurap), maiki na mabati

Dada Zubeda: Habari za jioni majirani. Brian amesimamisha makala zake kwa wiki 6 ili amalize nyimbo 4 za hip hop. Anarekodia nyumbani, chumba cha mabati bila dari. Kaka Okello, Mzee Juma, msaidieni kabla hajabonyeza kitufe.

Okello: Asante dada. Brian, mvua ikigonga mabati usirekodi. Kelele ile ukiiondoa baadaye inaondoka na sauti yako. Subiri saa nne usiku, boda zimepungua.

Brian: Sawa kaka. Blanketi nimeshatundika ukutani, nyuma ya maiki.

Okello: Hapo ndipo wengi wanapokosea. Maiki nyingi za kurekodia sauti zinasikia mbele, mgongoni hazisikii sana. Sauti inayorudi inatoka kwenye ukuta ulio nyuma YAKO. Hamishia blanketi huko, yawe mawili mazito, na uache sentimita 10 hadi 15 kati yake na ukuta. Ukiyabandika ukutani yanameza sauti nyembamba tu, ule mvumo wa chumba unabaki na unasikika kama uko ndani ya pipa.

Okello: Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki. Katikati weka soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye duara la waya, la sivyo kila "p" na "b" itapuliza. Programu ya kurekodia iweke kwenye ubora wa biti 24, kilohezi 48. Pale unapopaza zaidi, mshale wa kipimo cha sauti ufike kati ya desibeli -12 na -6. Ikigusa 0 sauti imepasuka, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Mama Aisha: Chomoa chaja ya laptopu wakati wa kurekodi. Ule mlio wa "mmmm" mara nyingi unatoka hapo. Na umeme ukikatika, kazi haipotei.

Mzee Juma: Brian mwanangu, maiki baadaye, vesi kwanza. Kwenye mdundo wa mapigo 90 kwa dakika, mistari 16 ya mapigo manne manne ni kama sekunde 43. Mstari mmoja haufiki sekunde 3, na maneno yetu ni marefu. "Ninakuambia" peke yake ni silabi 6. Punguza maneno.

Mzee Juma: Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kina, yaani sauti zinazofanana mwishoni mwa mistari, kianzie hapo. "Hasara" na "barabara" vinashikana: -ara yote. "Mtaani" na "moyoni" vinagusana kwa -ni tu, nayo haina mkazo, sikio linaiacha. Snea, ile ngoma kali ya mdundo, inapiga kwenye pigo la 2 na la 4 la kila mstari. Weka "sa" ya hasara juu ya ile ya 4, "ra" ifuate nyuma. Snea ikiangukia "ra", neno limevunjika.

Brian: Na vesi ya Luganda, mzee?

Mzee Juma: Wasikilize Bataka Squad, wale wa Luga Flow, rap ya Luganda, uone wanavyoipa konsonanti pacha muda wake. "Okuta" ni kuachia, "okutta" ni kuua. Ukiharakisha hiyo "tt" ili uwahi snea, umesema jambo lingine kabisa.

Mama Aisha: Midundo umeipata wapi? Ile ya "bure" mtandaoni kwa kawaida ni ya kujifunzia, si ya kuuza. Andikianeni na mtengenezaji kabla hujarekodi: nani ana asilimia ngapi, na kwa matumizi gani. Hakimiliki inasajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili.

Brian: Nimeelewa mama. Nikimaliza vesi ya kwanza nitume hapa?

Okello: Tuma, ila kama dokumenti, faili la WAV, sauti isiyobanwa. Ukituma kama ujumbe wa sauti WhatsApp inaibana, hatutajua kosa ni lako au la simu. Kila faili lianzie sekunde 0 ya mdundo hata kama unaingia dakika ya pili, na kasi ya mdundo uiandike kwenye jina.

Dada Zubeda: Mawingu yametanda upande wa Mukono. Leo aandike tu.