Nimelipia tamthilia ya Kichina "yenye Kiswahili", nimeletewa tafsiri ya mashine. Povu ruksa

Wakuu, heshima kwenu. Mwenye kutafuta lugha laini aende jukwaa la mahusiano, mimi leo nimekuja kutema nyongo.

Wiki mbili zilizopita nimetoa shilingi 12,000, pesa ya simu, nikajiunga VIP ya mwezi kwenye programu moja ya tamthilia za Asia. Jina silitaji, wasimamizi wa humu wana mkono mwepesi wa kufuta nyuzi na mimi sina hela ya wakili. Sikulipia ubora wa picha, wala sikulipia kukwepa matangazo. Nililipia neno moja nililoliona kwenye orodha ya lugha za maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, chini kabisa, baada ya Kithai na Kireno: Kiswahili.

Naishi na bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani. Kiswahili anakisoma vizuri akivaa miwani, Kiingereza hakimhusu. Ugonjwa wa tamthilia za Kichina aliupata mwaka 2011, televisheni ya taifa, TBC, iliporusha ile ya Doudou na mama wakwe zake, imeingizwa sauti za Kiswahili kabisa. Mpaka leo Doudou kwake ni kama mtoto wa jirani aliyehama mtaa. Mimi nikaja kuambukizwa ukubwani, ila ugonjwa wangu ni wa zile zenye miungu, majini, mapenzi na vichekesho ndani ya chungu kimoja. Basi kila jioni kazi yangu ikawa kusoma maandishi ya Kiingereza na kumtafsiria bibi kwa mdomo. Nilikuwa Lufufu wa nyumba hii, yule mtafsiri wa filamu kwa sauti, ila mimi bila kipaza sauti na bila malipo. Sauti inakauka, maneno yananipita, bibi anauliza "amesemaje?" wakati tayari wamesema mengine matatu. Kwa hiyo nilipoona Kiswahili kwenye orodha sikufikiria mara mbili.

Tukaanza na Love Between Fairy and Devil, kwa Kichina Cang Lan Jue, sehemu 36, ilitoka Agosti 2022. Mimi nilishaiona, nilitaka bibi naye acheke. Asiyeijua: kuna jamaa anaitwa Dongfang Qingcang, mtawala wa kabila la Mwezi, amefungwa kwenye mnara miaka 30,000, moyo wake mkavu, hisia hana hata chembe. Na kuna binti, Xiao Lanhua, ua la okidi lililopata umbo la mtu, nguvu zake hazitoshi hata kuwashia jiko. Binti anajikuta ndani ya mnara, midomo inagusana kwa ajali, miili inabadilishana. Lijitu lililotetemesha mbingu linaanza kutembea kwa maringo na kudeka, na kabinti kale kanatoa macho kama chui. Halafu wanafungwa na kitu kingine: binti akiumia, jamaa anaumia. Binti akilia, jamaa machozi yanamchuruzika huku uso ameukaza kama askari wa gwaride. Niambieni, hicho kichekesho kinahitaji nini ili kimfikie mtu wa Pangani? Hakihitaji kitu. Kinahitaji mtafsiri asikiharibu.

Kimeharibiwa kuanzia jina. Mashine imeandika juu pale "Upendo Kati ya Malaika na Shetani". Bibi akavua miwani. "Shetani? Ndani ya nyumba hii, mwezi huu?" Ikabidi nimwapie kwamba yule si shetani, ni mfalme wa watu wa Mwezi, Kiingereza ndicho kilichomsingizia. Akakubali kwa shingo upande. Dakika kumi mbele akaniuliza, kwa hiyo huyu mtoto wa okidi ndiye malaika? Na malaika siku hizi wanabusiana?

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, nisikilizeni. Wachina hawa viumbe wao wamewapanga. Xian ni aliyefanya mazoezi ya roho mpaka akavuka ubinadamu, haonji tena kifo cha kawaida. Shen ni mungu mwenye cheo chake. Yao ni mnyama, mti au hata kitu kilichokaa miaka mingi mpaka kikapata umbo la mtu, kama yule mbweha wa mikia tisa. Gui ni roho ya mtu aliyekufa. Mo ni wale wa njia ya giza. Nusu ya vichekesho vya tamthilia hizi inatoka humo, nani anamdharau nani, nani kamwita mwenzake jina la kabila lisilo lake. Kiingereza kinachukua yao na mo kinawatia kwenye gunia moja, na siku mtafsiri akichoka hata gui anaingia humo humo. Mashine yetu inalichukua gunia hilo na kulimwaga ovyo: mstari huu "pepo", mstari unaofuata "shetani", kiumbe yuleyule, sura ileile, hajatoka hata kwenye kiti!

Na Kiswahili tunayo maneno! Bibi alinipa darasa pale pale, hajui hata Beijing iko upande gani. Mzimu ni wa mtu aliyekufa. Jini hajawahi kuwa mtu. Pepo anampanda mtu kichwani na anataka ngoma yake. Zimwi linakula watu na ni lijinga, ndiyo maana kwenye hadithi watoto wanalishinda. Kibwengo ni wa baharini. Bibi wa Pangani ana kabati la maneno kamili, na kampuni yenye mahela imeshindwa kumuuliza hata yeye.

Sasa la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu ni uzembe wa wazi. Mashine yao haitoi Kichina kuleta Kiswahili. Inapita kwanza kwa Mwingereza. Nimejuaje? Nawapa ushahidi.

Jamaa anaomba msamaha, anasema "duibuqi", yaani samahani. Chini wameandika "Pole". Tena "Mimi ni pole sana". Bibi: "Anampa pole, kwani binti kafiwa?" Kiingereza kina neno moja la pole na samahani, sisi tunayo mawili, Mchina naye anajua anachokisema. Aliyeleta mkanganyiko ni dalali wa katikati.

Jemadari amesimama mbele ya jeshi zima anawahutubia, maandishi yanasema "wewe". Jeshi lote, wewe! Mchina ana "ni" kwa mmoja na "nimen" kwa wengi, sisi tuna "wewe" na "ninyi". Dalali ana moja tu, kawauzia wote wawili.

Ndugu ndiyo usiseme. Mchina anatofautisha kaka mkubwa na mdogo wa kiume, dada mkubwa na mdogo wa kike, ana neno la baba mkubwa, neno la baba mdogo, na neno lingine kabisa la mjomba. Kama sisi! Lakini hao watatu wa mwisho wakishapita kwa dalali, wote wanatoka "mjomba". Kuna tamthilia nyingine nilijaribu sehemu mbili tu, kijana anagombea kiti cha enzi na ndugu wa baba yake, maandishi yanamwita mjomba mwanzo mwisho. Bibi akashangaa mjomba anadai urithi wa upande wa baba kwa sheria ipi. Swali la maana kabisa. Ugomvi wote wa tamthilia ulikuwa hapo.

Na sasa jamani, hili la miili kubadilishana. Kichina cha mdomoni hakina "yeye wa kiume" na "yeye wa kike", wote ni tā. Wanatofautisha kwenye kuandika tu. Kiswahili hivyo hivyo, "anakuja" ni anakuja, mume au mke. Maana yake kichekesho cha mwanamume ndani ya mwili wa mwanamke kinaingia Kiswahili kama mkono kwenye glavu yake. Watu wanamzungumzia mtu bila kujua wanamzungumzia nani na lugha inawaficha wote. Mwingereza lazima achague, na akichagua ameshakutobolea siri. Mashine ikaogopa kuacha "he" na "she" za watu zipotee, ikawa inabandika "yule mwanaume" na "msichana huyo" kila mstari, tena kwa makosa, kwa sababu haijui nani yuko kwenye mwili wa nani. Lugha mbili zinazoelewana kwa asili zimegombanishwa na mtu wa tatu. Tumekaa tunatazama kama mashabiki wa mechi iliyokatika picha.

Binti anamtania jamaa kwa jina la utani, Da Mutou. Ni mti mkubwa uliokatwa, mkavu, hauna hisia. Gogo! Mtoto wa darasa la tatu angeandika Gogo, na bibi angecheka mpaka akohoe, maana mtaani kwetu mwanamume asiyejua mapenzi ndivyo anavyoitwa. Mashine imeandika "Mbao Kubwa". Mbao Kubwa, niko hapa. Mbao Kubwa, usikasirike. Bibi akadhani jamaa ni fundi seremala.

Halafu rangi. Maandishi meupe. Ulimwengu wa miungu una ukungu mweupe, nguo nyeupe, maua meupe, mnara mweupe. Nani alikaa ofisini akaona hili ni wazo zuri? Chini kabisa pana maandishi ya Kichina yaliyochomwa ndani ya picha yenyewe, kwa sababu kwao tamthilia hutoka hivyo ili hata wa lahaja nyingine wasome. Hayo hayatoki. Ya kwetu yanapandishwa juu yake, kifuani kwa mtu mwenye kanzu nyeupe. Bibi anasoma vifua.

Mtakuja kuniambia "angalia za bure mtandaoni". Nimeangalia. Picha imegeuzwa kushoto kulia ili wenye haki miliki wasiikamate, sauti imepandishwa kidogo, mfalme wa Mwezi anaongea kama kafungiwa kwenye kopo la maziwa. Asanteni.

Kwa hasira tukahamia ya kisasa, dada mfanyakazi wa ofisi anayeona mizimu na bosi mwenye laana. Huko ndiko siki ilikoingia. Wachina wakisema mtu "anakula siki" wanamaanisha ana wivu wa mapenzi. Mashine: "Bosi, unakula siki?" Mezani kuna kahawa tu. Baadaye wapenzi wanajidekeza mbele ya watu, rafiki yao analalamika, imeandikwa "mmenilisha chakula cha mbwa". Huo ni utani wao wa mtu asiye na mwenza, anajiita mbwa mpweke. Mimi nilijua, bibi hakujua, akawachukia wale vijana bure. Sehemu ya mwisho tukakuta mizimu yote ilikuwa ndoto, dada kaamka hospitali. Hilo siwalaumu watafsiri, kanuni za utangazaji za kule zinakataza kueneza ushirikina, kwa hiyo za kisasa mara nyingi lazima jini awe ndoto, mchezo wa kompyuta au mgeni kutoka sayari nyingine. Wachina wenyewe wana mzaha kwamba baada ya 1949, mwaka ilipoundwa Jamhuri ya Watu wa China, wanyama hawaruhusiwi tena kugeuka majini. Ila na sisi tuambiwe mapema, bibi alikuwa ameshawaombea dua.

Nimewaandikia huduma kwa wateja mara tatu. Mara zote: "Mpendwa mtumiaji, asante kwa maoni yako ya thamani." Mara ya tatu waliandika "Sisi ni pole". Wallahi nilicheka peke yangu jikoni.

Na msiniambie kazi hii haiwezekani. Doudou alisema Kiswahili mwaka 2011. Kuna Watanzania waliokwenda mpaka Beijing kuingiza sauti, vijana wanasoma Kichina vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, Taasisi za Confucius za kufundisha Kichina zipo. Watu wapo. Kilichopo ni mtu kuona Kiswahili ni cha kujazia orodha ionekane ndefu, wanunuzi waingie, mengine watajijua.

Ninachotaka: aliyewahi kurudishiwa hela na programu hizi aje aniambie alipitia mlango gani. Na kama yupo humu anayejua Kichina na ana muda, aje pembeni, sehemu tano tu za mwanzo, nitalipa kile nilichowalipa wale.

NYONGEZA: Mnaosema nihamie za Kikorea, hapana. Na wewe uliyeandika "dada mzima unalilia katuni za watu wenye nywele ndefu", wewe jana ulikuwa uzi wa mpira unalia saa saba usiku, tulikuona.

NYONGEZA 2: Bibi amezima maandishi. Kaniambia, "Soma cha Kiingereza halafu uniambie mwenyewe, wewe angalau ukikosea nakuuliza." Tupo sehemu ya 9, tumekubaliana jamaa anaitwa Gogo. Sauti yangu imekauka tena, mwenye dawa ya koo asiyeuza bei ya VIP aseme.