Tupeane uzoefu: kiharusi kilipoingia kwenu, mlimfikisha mgonjwa hospitali baada ya muda gani?

Wakuu habari za jioni, naanza mwenyewe. Mzee wangu yuko Ujiji. Alfajiri moja katoka kuswali, kandambili ya kushoto ikabaki kizingitini, yeye anatembea tu hana habari. Mama akamcheka. Alipopewa chai, ikachuruzika upande mmoja wa mdomo, kicheko kikakatika. Shangazi akasema upepo mbaya huo, aitwe mtu amsomee. Akasomewa, akachuliwa na mawese, akalazwa. Hospitali tumefika siku ya tatu. Daktari akauliza, "Ilianza saa ngapi?" Tukatazamana. Kumbe dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya CT scan, kile kipimo cha kupiga picha ndani ya kichwa. Sisi tulikuwa tumeshakula masaa sabini.

Mha wa Kasulu: Pole sana mkuu. Kwetu jirani alimpa bibi aspirini, eti inafungua damu. Kipimo kikaonyesha mshipa umepasuka, damu inavujia ndani ya ubongo. Daktari alifoka, maana aspirini inazidisha kuvuja. Kabla ya kipimo huwezi kujua ni kuziba au kupasuka, kwa hiyo msimpe kitu. Hata uji usimnyweshe, koo likiwa limelegea unaingia kwenye mapafu.

Mvuvi Mstaafu: Nyie wa mjini mna bodaboda. Sisi wa mwambao, mama kapinda mdomo saa kumi na moja jioni, boti la abiria limeshapita. Vijana wa mwaloni wakachanga petroli, tukamlaza ubavu kwenye mtumbwi wa dagaa, mimi nimemshika kichwa njia nzima huku mawimbi yanatulowesha. Tulifika usiku. Mkono wa kulia bado mzito, ila anaongea, na matusi yamerudi yote.

Dada wa Mwanga: Mimi mkono ulikufa ganzi kama dakika kumi, ukarudi. Nikaendelea kuuza migebuka yangu. Wiki iliyofuata ukafa tena, haukurudi. Naandika hapa kwa kidole gumba cha kushoto.

Mleta mada: Pole dada yangu. Mzee sasa anavaa sendo za kufunga nyuma, kandambili hataki hata kuziona. Mama ndiye anamhesabia vidonge vya presha, maana akijisikia mzima kidogo tu anaviacha.