Mafundi wa Dar mnaoinua hendo za pikipiki za spoti, mtatuua

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie kwanza. Pikipiki ni Honda CBR600F4i. Iko kwangu, nimeiegesha ukutani, siipandi. Injini nzima kabisa, matairi mazima. Ninachoogopa ni breki ya mbele na nyaya za mafuta (zile za kuongeza na kupunguza resi), vitu ambavyo vilikuwa havina tatizo lolote siku niliyoipeleka kwa fundi anipandishie hendo.

Kwa wasiojua habari hizi: pikipiki ya spoti haina hendo moja ndefu kama Boxer. Ina vipande viwili, kila kimoja kimebana shokapu yake ya mbele, na vyote vimekaa chini, ndiyo maana mtu anaendesha ameinama kifua kikiwa karibu na tenki. Ukikimbia mia na kitu barabara tupu, upepo unakusukuma kifuani na kukubeba, mikono inapumzika. Sasa niambie kati ya Mbezi na Posta utaupata wapi upepo huo. Foleni, matuta, hamsini kwa saa ukibahatika, na uzito wote wa kiwiliwili umelala kwenye viganja. Unafika kazini kidole kidogo na cha pete vimekufa ganzi, shingo haigeuki, unashuka kwa awamu. Na umri nao hausubiri mtu.

Wale wa "si ununue Boxer tu mkuu", naomba leo mpumzike. Eddie Lawson alibeba ubingwa wa mbio za pikipiki za Superbike wa Marekani mwaka 1981 na 1982 juu ya Kawasaki yenye hendo pana ya juu, na hakuna aliyemwita bodaboda. Ujerumani hii kazi ni ya kawaida, watu wanaifanya miaka nenda rudi, na wapo kina LSL wanaouza seti iliyokamilika: bamba la juu linaloshika shokapu, likiwa na vishikio vya hendo, hendo yenyewe, mpira wa breki mrefu (ule unaopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye hendo hadi kwenye tairi), na nyaya ndefu kwa pikipiki zinazozihitaji. Isome hiyo orodha tena. Hendo ndiyo kitu rahisi kuliko vyote humo.

Nami nilimweleza fundi hivyo hivyo, kwa mdomo na kwa maandishi. Nikamwambia hendo ikipanda, kila kinachotoka kwenye hendo kwenda chini kinatakiwa kirefuke: breki, klachi, mafuta, nyaya za swichi. Nikamuuliza vitapatikana au niagize mwenyewe? Jibu lake: "Bosi, kazi ndogo hiyo, nimeshafunga nyingi. Wewe lete pikipiki." Laki nne na nusu, nusu mkononi, na akasisitiza kwamba mpira na nyaya vimo humo humo kwenye bei.

Nilichokabidhiwa ni hiki.

Bamba la juu ni lile lile la Honda, la aluminiamu. Kalitoboa matundu mawili kwa drili ya mkono, kafunga vishikio vya Boxer na hendo ya Boxer. Lile bamba si nene kote, kwa chini lina mbavu na sehemu zimechimbwa ili liwe jepesi. Tundu la kulia limeangukia ukingoni mwa ubavu, kwa hiyo nati imekaa upande, nusu imebana chuma na nusu inaning'inia. Nimelala chini na tochi nikaitazama nikadhani naota. Hapo ndipo ninapotakiwa kujishikilia nikibana breki kwenye pikipiki inayokaribia kilo 200.

Swichi. Swichi za Honda zina kipini kidogo kwa ndani, kinaingia kwenye tundu la hendo ili swichi isizunguke. Hendo aliyoleta haina tundu hapo. Kutoboa tundu la milimita chache ni kazi ya dakika mbili, na drili anayo, tumeshaona alivyoitumia kwenye bamba. Yeye akaona heri akate kipini kwa koleo. Sasa nikivuta mafuta, swichi nzima inazunguka na mkono, kitufe cha kuwashia kinatazama mbinguni.

Nyaya za mafuta ziko mbili, ya kufungua na ya kurudisha, na zote ni za zamani. Kazipitisha njia ya mkato ili zifike. Hendo ikiwa imenyooka, silensa (injini ikiunguruma bila kuongezwa mafuta) ni kama mizunguko 1,300 kwa dakika, safi. Kata hendo kushoto mpaka mwisho, mkono usiguse kitu: mshale wa resi unapanda wenyewe hadi elfu tatu na zaidi. Yaani unageuza kwenye kichochoro cha Sinza, gia ya kwanza, miguu yote chini, kuna mtoto anavuka, halafu pikipiki inaamua kuondoka. Klachi ndiyo usiseme, waya umekaza kama uzi wa gitaa, hauna mchezo hata kidogo, nikiongeza resi sahani zinateleza.

Lakini kilichonitoa roho ni breki.

Mpira wa breki hakubadilisha. Kauchomoa kwenye vishikizo vyake, kaupitisha mbele ya shokapu, ukapata sentimita mbili tatu, ukafika. Ukikata hendo kulia, unanyooka mpaka unavuta bolti ya pale juu. Na hapo pikipiki imesimama! Shokapu ya mbele hurefuka ukiruka tuta au ukiachia shimo, na mpira unatakiwa uwe na nafasi ya kuifuata. Huu wangu hauna nafasi hata ukiwa umetulia. Pia ile bolti ya kushikia mpira ina washa mbili za shaba ambazo hubonyea zikikazwa, ndiyo kazi yake, na ukifungua unaweka mpya. Karudisha zile zile. Mafuta ya breki yakawa yanavuja tone moja moja juu ya tenki, na mtu yeyote aliyewahi kugusa DOT 4 anajua inavyoila rangi. Rangi imevimba, ukipitisha kucha inatoka na gamba.

Bado. Kikopo cha mafuta ya breki kakiacha kimeinama kwa sababu kikikaa sawa kinagonga kioo cha mbele. Mafuta yakipungua kidogo tu tundu la ndani linabaki wazi, linavuta upepo. Nikibana mkono wa breki mara ya kwanza unaenda mpaka karibu na hendo, nikipampu mara ya pili ndiyo inashika. Breki ya mbele, wakuu, ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki. Mara ya kwanza ndiyo ninayoihitaji mimi, ya pili nitakuwa nimeshaingia chini ya daladala.

Nikarudi kwake. Kuhusu resi kupanda: "Usiwe unakata kona sana, bosi." Kuhusu klachi: "Itajilegeza yenyewe." Kuhusu breki: "Hizi za Mjapani ndivyo zilivyo, utazoea." Kuhusu tenki akanionyesha ndugu yake anayepiga rangi, kwa bei ya kishkaji. Nusu ya hela aliyokwisha kula hairudi, nusu iliyobaki anaidai. Na anaidai kwa sauti, mbele ya watu, kana kwamba mimi ndiye mbabaishaji.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kipimo cha kazi hii ni bure. Inua mbele ya pikipiki, tairi ining'inie, shokapu zirefuke zote. Peleka hendo kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, injini ikiwa kwenye silensa. Mpira ukinyooka, hujamaliza. Mshale ukisogea, hujamaliza. Kidole gumba kikibanwa kati ya hendo na tenki (changu kinabanwa, sikuwa nimefika huko), hujamaliza. Hakuna mashine, hakuna kompyuta, jeki tu. Hao "wengi" anaosema kawafungia wako wapi? Kama umo humu na hendo yako imepandishwa na fundi wa mjini, fanya kipimo hicho leo kabla hujaipanda.

Najua kuna njia ya katikati, vile vipande viwili vilivyoinuliwa ambavyo vinabana shokapu zile zile, kama vya Helibars wa Marekani. Vinapandisha kidogo, na kwa pikipiki nyingi mpira na nyaya za kiwandani vinatosha. Ndivyo nilivyotaka mwanzo. Fundi akasema hizo ni ushamba, "Bongo tunapandisha kikweli."

Sasa nataka msaada wa maana. Nani hapa Dar anatengeneza mpira wa breki wa pikipiki kwa kipimo, wenye waya wa chuma nje, na anaupima kwa presha kabla ya kukupa? Msinitajie wale wa paipu za makatapila, nimeshawafuata, wamenicheka. Pili, bamba la juu la F4i, la mtumba, ambalo halijaguswa na drili. Tatu, mtu mwenye vipande vya kiwandani vya hendo, kwa sababu vyangu fundi anasema "vilipotea".

Jina la fundi sitaji hapa, Jumatatu tunaonana ofisi ya serikali ya mtaa. Bei na mahali wekeni hapa hapa kwenye uzi, wote waone. Wa "nicheki inboksi mkuu" nitampita kimya.