Corolla yenye injini 4A-FE inakataa kuwaka baada ya kubadilisha gasketi ya hedi (Goma)

Katindo: Jambo wakubwa. Fundi amefunga gasketi ya hedi na mkanda mpya wa taimingi. Demareri (starta) inazungusha vizuri, esanse (petroli) inafika, bujii (plagi) zinatoa cheche, lakini gari haiwaki. Inapiga mlipuko kwenye njia ya hewa. Tuanzie wapi?

Birere: Ndugu, cheche na esanse zipo, basi shida ni wakati wa cheche. Mlipuko kwenye njia ya hewa maana yake cheche inakuja valvu ya kuingiza ikiwa bado wazi. Toa bujii ya silinda 1, ile ya upande wa mkanda. Ziba tundu kwa kidole, zungusha kreki (mhimili mkuu wa injini) kwa ufunguo wa 19, mwendo wa saa, mpaka hewa isukume kidole. Kisha peleka alama ya puli ya kreki kwenye 0. Fungua kifuniko cha distribita (kinachogawa cheche kwa bujii): rota, kile kinachozunguka ndani yake, iangalie waya wa silinda 1. Ikiangalia upande wa pili, distribita imerudishwa kinyume, digrii 180. Hutokea sana hedi ikishatolewa. Waya za bujii zifuate mpangilio wa silinda kuwaka: 1-3-4-2.

Ndosho: Sawa kabisa. Rota ikiwa sahihi, kagua mkanda: zungusha kreki mizunguko 2 kamili kwa mkono, alama za kreki na kemshafti (mhimili unaofungua valvu) zirudi pamoja. Usikisie jino la mkanda. Bujii zimeshalowa esanse, zikaushe kwanza. Demareri isizidi sekunde 10, ipumzike.

Birere: Ikiwaka, unganisha TE1 na E1 (pini za kisanduku cha uchunguzi), rekebisha distribita kwa taa ya taimingi: digrii 10 kabla ya pistoni kufika kilele.