Mkanda, strapu na soksi za magoti kwenye vyuma: ni msaada au tunajidekeza?

Mtoa mada

Wakuu habari za jioni. Kuna ugomvi umezuka jimu yetu huku Temeke nikaona niulete hapa, maana kule umeshafika mahali watu hawasalimiani. Mwenye jimu kabandika karatasi ukutani, kaandika kwa maka peni: kuanzia mwezi huu hakuna kugusa skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) wala dedilifti (kuvuta chuma toka chini) bila mkanda, asiye nao anakodishiwa kwa buku, yaani shilingi elfu. Mkanda wenyewe wa kukodi upo mmoja, unazunguka kiuno kwa kiuno kuanzia saa kumi na moja jioni, ukifika zamu yako umeshalowa jasho la watu saba. Ila tuache hilo.

Mimi msimamo wangu nausema mapema: ukimvalisha mkanda mtu asiyejua kubana tumbo umemvalisha pambo. Nina miaka tisa kwenye chuma, mitano ya kwanza nilikuwa nauvaa toka napasha mwili mpaka naaga watu, hata nikipiga dambeli za mikono nimekaa kwenye benchi nao upo, huyo mtu wote mnamjua kila jimu yupo. Siku moja nikausahau nyumbani. Kilo 70 ambazo huwa nazichezea zikanikunja pale chini mpaka wakaja watu wawili kunitolea. Mgongo haukuumia, iliumia heshima.

Ndo nikaanza kujiuliza hivi hii kitu inafanya nini hasa. Wengi tunadhani mkanda unashikilia mgongo kwa nyuma, kama mti unaoegemezewa mgomba wenye mkungu mzito. Kazi yote iko mbele wakuu. Unavuta pumzi mpaka chini ya kitovu, unaifungia humo, unasukuma tumbo pande zote, mkanda unakukatalia, presha ya ndani ya tumbo inapanda na hiyo presha ndo inakaza kiwiliwili, mfano wa tairi la baiskeli likijaa upepo. Bila ile pumzi ni kipande cha ngozi tu kimezunguka kiuno. Angalieni mikanda ya wanaoshindana pawalifti, yale mashindano ya kunyanyua uzito kwa skwati, benchi na dedilifti, upana ni ule ule mbele na nyuma, mwisho sentimita 10, ila mingi inayouzwa kwetu mgongoni ni mipana kama mto halafu tumboni imekonda, yaani imekonda palepale penye kazi.

Kwa hiyo naulizia: ni haki mgeni wa wiki ya kwanza alazimishwe mkanda? Na hizi strapu za kufungia mkono kwenye chuma, soksi za magoti zile za kubana goti, bandeji za mikono, nazo mnazionaje?

ChumaChakavu

Mkuu umeongea vizuri ila hujawahi kumiliki jimu. Mimi ninayo, ndogo tu, nusu ya vyuma ni gia za malori na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Kijana anakuja Jumatatu, Jumatano anataka kilo 100 sababu rafiki yake anamrekodi video. Ukimwambia apunguze anakuona unamwonea wivu. Mkanda kwangu ni kama helmeti ya bodaboda, haikufundishi kuendesha, ila abiria umeshampa. Na akiumia mgongo mama yake anakuja kwangu, haji kwako wewe mwenye falsafa za pumzi.

Halafu msisahau ngiri. Mzee aliyenifundisha alikuwa anasema ukinyanyua bila kujifunga utapata ngiri na busha juu yake. Nimeishi nayo hiyo, sijawahi kujaribu kumbishia.

Dada Fizio

Kaka Chakavu naomba nianze na busha kabla halijasambaa. Busha halina uhusiano na chuma, kama lisivyo na uhusiano na madafu. Huku pwani kikubwa kinacholeta mabusha ni wale minyoo wa matende, na anayewasambaza ni mbu, kwa hiyo mkinge mtu wako kwa chandarua. Ngiri sawa, ina uhusiano na presha ndani ya tumbo, lakini fikiria mwenyewe, mkanda unaipandisha hiyo presha, hauishushi. Mwenye ngiri tayari akijikaza na mkanda akidhani amejikinga mimi ndo nakutana naye baadaye.

La pili. Hii ya kulazimisha watu wote wavae imeshapimwa, sio jimu lakini, madukani. Mwaka 2000 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilitoa utafiti wa wafanyakazi 9,377 wa maduka 160, kazi yao kubeba na kupanga bidhaa. Maduka mengine mkanda ulikuwa lazima, mengine hiari. Walipohesabu madai ya fidia ya mgongo na watu waliolalamika maumivu hawakuona tofauti. Karatasi ya Temeke inafanana kabisa na yale maduka ya lazima.

La tatu ndo linaloninyima usingizi, presha ya damu. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, waliwapima wapiga chuma watano presha ikisomwa kutoka ndani ya mshipa wa damu kabisa, sio kwa kile kifuko cha mkononi. Walipokuwa wanasukuma uzito kwa miguu wastani ulifika 320/250, mmoja wao akapita 480/350. Ilidumu sekunde tu ikashuka, na hao walikuwa vijana wazima. Sasa baba wa miaka 52 ambaye hajapima presha toka mtoto wake wa mwisho azaliwe, unamwambia avute pumzi aifungie na umkaze mkanda juu yake, kwa buku. Hapo karatasi ingeandikwa pima presha kwanza ningeibandika mimi mwenyewe.

ChumaChakavu

Dada heshima yako, busha nimelifuta. Ila hao wa madukani walivaa yale malastiki, sio mkanda wa ngozi wa milimita 10, na walikuwa wanabeba maboksi siku nzima sio skwati tano nzito halafu mtu anapumzika dakika nne. Huwezi kuchukua maboksi ukanihukumia jimu.

Dada Fizio

Hapo umenipata kidogo, nakubali. Ni vitu viwili tofauti. Lakini nawe ulisema helmeti, na helmeti tunaivaa kwa sababu imethibitika. Hii yako haijathibitika kumkinga mtu mzima asiumie, kinachojulikana ni kwamba anayejua kuutumia anabana vizuri zaidi na ananyanyua zaidi kidogo. Hiyo ni faida ya kunyanyua, sio kinga.

Kuli wa Kariakoo

Nawasoma tu hapa nacheka. Mimi nabeba lumbesa. Gunia limeandikwa kilo 100 ila limeshonewa juu na nyasi kama kofia, hakuna anayejua lina ngapi. Najifunga shuka kiunoni toka nimeanza kazi na sijawahi kusikia habari ya pumzi, ila nimejaribu sasa hivi nimekaa hapa, kumbe ndo ninavyofanya siku zote, nikitaka kuinuka na gunia naguna. Ule mguno ndo pumzi yenyewe. Shuka nikiwa nimeisahau nabeba vilevile, ila jioni nachoka mapema. Mgongo unauma nikiwa nayo na unauma nikiwa sina.

Mtoa mada

Kuli umemaliza kazi bora kuliko mimi niliyeandika gazeti.

Msee wa Kayole

Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mmeshikilia mkanda tu na mimi shida yangu ni strapu. Hapa kuna wazee wa jimu wanakuona umezungusha strapu kwa mkono wanakuita mtoto. Lakini tuseme ukweli, mgongo wangu unaweza kuvuta 180, vidole vinafunguka kwa 140. Sasa niunyime mgongo kazi kwa sababu ya vidole? Mwaka 2016 Eddie Hall alivuta dedilifti ya kilo 500 kule Leeds, akatoka damu puani, na 2020 Hafþór Björnsson akavuta 501 kwao Iceland. Wote walikuwa na strapu, kwenye mashindano yao ya majitu, yale ya watu wenye nguvu kupindukia, zinaruhusiwa. Sijasikia mtu akiwaita watoto.

Ila nikiri upande wa pili pia. Kwenye pawalifti ya shirikisho la dunia, IPF, strapu hakuna, hata ukivaa mkanda na soksi za magoti, lazima ushike chuma kwa mkono wako. Rafiki yangu alijifunzia strapu miezi minane, akaenda shindano la mtaa, chuma kikaanguka mara tatu. Akaambiwa ashike mkono mmoja umegeukia mbele mwingine nyuma, na hiyo nayo ni hatari yake kwa bisepu ya mkono uliogeuka. Mimi sasa seti za kupasha zote mkono mtupu na chaki, strapu mwisho mwisho tu. Na chaki iwe ile ya magnesi tafadhali, kuna mjamaa hapa alijipaka poda ya mtoto mikononi, poda huwa ya mapaja ili chuma kiteleze, tukaona sinema.

Na kitu kingine, msitupe vifaa vyote kikapu kimoja. Kuna vifaa bila hivyo mchezo hauko. Hellen Wawira wetu alishinda shaba Jumuiya ya Madola Birmingham 2022 kwa benchi ya wenye ulemavu, yaani kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali, na huo mchezo sheria inaruhusu miguu ifungwe kwa benchi. Mtu aseme hiyo ni kujidekeza nimsikie.

Mtoa mada

Hapo hakuna wa kubisha. Strapu nimebadilika mawazo nusu, nusu nyingine bado. Soksi za magoti mimi naona ni joto na amani ya moyo basi, tofauti na zile bandeji ndefu za goti zinazofungwa mpaka mguu unakuwa wa bluu, hizo zinajikunja kama springi na kukurusha juu. Mashati ya benchi, yale magumu ya kubana kifua na mabega, ndo usiseme, Julius Maddox bila shati alisukuma kilo 355 mwaka 2021, wenye mashati wamepita 600. Shati linanyanyua jamani.

Mama Arobaini

Hodi humu ndani wanaume. Mnabishana mkanda kama kitu kipya. Mimi baada ya mtoto wa pili mama alinifunga mkaja siku arobaini, kila asubuhi anakaza mpaka naona nyota. Raha nilikuwa naisikia, nikiwa nao nasimama wima. Siku ya arobaini na moja tumbo likawa mlenda, nikikohoa tu najishika. Nikaanza kufundishwa upya kulibana nikiwa nimelala chali, pumzi na tumbo, pumzi na tumbo, mwezi mzima kabla sijagusa hata dambeli ya kilo tano. Leo napiga skwati 60 na mkanda navaa kwenye seti mbili za mwisho tu. Mkaja siulaumu, ulinisaidia nikiwa sina nguvu. Tatizo hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya mkaja tumbo linatakiwa lifanye kazi, mimi nikawa nimeliachia humo likalala.

Na bibi zenu walivyosema mtu ajifunge kibwebwe hawakuwa na maana kibwebwe kitalima shamba.

Dada Fizio

Mama Arobaini naomba hiyo ya kulala chali nimwibie mgonjwa wangu wa kesho.

Mtoa mada

Mrejesho wakuu. Mwenye jimu kaisoma mada yote, kuna mtu alimwonyesha, na jana kaniita pembeni nikajua leo nafukuzwa. Karatasi kakataa kuitoa. Ila kaongeza mstari chini kwa maka peni ile ile: anayekodi mkanda aonyeshe kwanza anavyobana tumbo bila mkanda. Anayekagua ni yeye mwenyewe, unavuta pumzi unabana halafu anakugonga tumboni na kisukusuku. Jana watu kumi na mmoja walipanga foleni, waliopita wanne. Mimi nilipita mara ya pili. Na kwa wenye umri kaniahidi kutafuta mashine ya presha, nitamkumbusha.

Kuli wa Kariakoo

Na buku?

Mtoa mada

Buku iko palepale, hata ukifeli.