Changarawe nyeusi za matangi ya samaki: tunauziwa chokaa iliyopakwa rangi

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nilinunua changarawe nyeusi katika duka moja la samaki wa mapambo pale Kariakoo, kwa ajili ya tangi la maji baridi lenye mimea, nikaelezwa bayana kwamba ni mawe ya asili. Nilipoziosha kwenye ndoo maji yaligeuka kijivu, kisha vikaanza kuelea vipande vyembamba vya rangi, mithili ya maganda ya kitunguu. Nikavunja punje moja kwa nyundo, ndani nyeupe pe! Nikaidondoshea siki, ikatoa mapovu.

Kwa asiyefahamu, mapovu hayo ni dalili ya mawe ya chokaa. Chokaa ikikaa ndani ya tangi huyeyuka polepole, huongeza ugumu wa maji (yaani wingi wa madini yaliyoyeyuka ndani yake) na kupandisha pH (kipimo cha asidi ya maji; ikipanda, asidi imepungua), na huyeyuka kwa kasi zaidi kwa yule anayeingiza gesi ya kabonidayoksaidi kwa ajili ya mimea, kwa kuwa gesi hiyo huyapa maji asidi. pH ikipanda, mimea hupata shida kufyonza madini ya chuma. Majani machanga huwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, nawe unazidi kununua mbolea isiyosaidia kitu. Hapo bado sijawataja wenzetu wanaotegemea visima, ambao wengi wao maji yao ni magumu tangu yanapotoka ardhini.

Niliporudi dukani, jibu lilikuwa hili: "Bosi, nyeusi ni nyeusi tu, samaki hajui." Samaki anajua. Samaki wengi hurekebisha rangi ya ngozi yao kulingana na sakafu iliyo chini yao, wakapauka juu ya mchanga mweupe na kukolea juu ya sakafu nyeusi, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya sisi kuitafuta. Muuzaji akaongeza kwamba samaki wa Ziwa Tanganyika wanayapenda maji magumu. Ni kweli kabisa, lakini nilikuwa nimemwambia tangu mwanzo kwamba nafuga neon tetra, ambao asili yao ni maji laini ya bonde la Amazon!

Wala si rangi pekee inayonikera. Punje zenyewe zilikuwa kubwa kama maharage, ilhali mizizi ya mimea hushika vizuri katika punje za milimita 1 hadi 3. Kisha zinauzwa kwa vifuko vya kilo mbili mbili, bila mtu kukueleza kwamba tangi la sentimita 60 kwa 30, ukitaka kina cha sentimita 6, linameza takriban lita 11, ambazo ni kama kilo 16 za changarawe. Hata udongo mweusi wa punje zilizookwa, ambao kwa kweli ni mzuri kwa mimea, unauzwa bila onyo kwamba aina nyingi hutoa amonia katika wiki za mwanzo na kuua samaki walioingizwa mapema.

Jiji hili linachimba mawe ya chokaa pale Wazo kwa ajili ya saruji; chokaa si kitu cha kuuziana kwa bei ya mapambo. Mawe meusi ya volkano, ambayo hayahitaji kupakwa chochote, yapo Arusha, Kilimanjaro na Mbeya. Ninachodai ni kifuko kiandikwe aina ya jiwe, ukubwa wa punje na kama limepakwa rangi, na muuzaji aniruhusu nidondoshe siki kabla sijatoa fedha.

Kama kuna mwenye kumfahamu muuzaji hapa Dar anayeleta basalti, yaani jiwe jeusi la volkano, iliyosagwa na kuchekechwa, isiyo na rangi ya kupaka, naomba aeleze hapa anapatikana wapi na kilo anauza shilingi ngapi.